Wapangaji wa Siaya

"Mama Mutuku, hao wapangaji wako unawahamisha kila mwezi, kwani wamekukosea nini?"

Rosebella alimuuliza Wanza hivyo kwenye kamba ya nguo, mwaka mmoja na zaidi kabla ya kura zile zilizotuharibia nchi. Walikuwa majirani wa ukuta mmoja pale mtaani Gatwekera, Nairobi, na ukuta wenyewe ulikuwa wa udongo, kwa hiyo simu ya mmoja ilikuwa simu ya wote wawili. Rosebella alikuwa amemsikia Wanza akiongea na mtu wa kazini kwake: toa wapangaji wote kule, walete huku, hakikisha hakuna aliyebaki, halafu zima. Mara moja kila mwezi, bila kukosa. Akajiambia kwamba bila shaka mwenzake ana ploti ya vyumba vya kupangisha mahali, pengine Kawangware, na amekuja kujificha kwenye chumba cha udongo na mabati ili watu wasimjue ana mali.

Wanza alicheka mpaka akaketi juu ya ndoo. Akajibu kwamba wapangaji wake hata hawajui kama wamehama, kukicha wanaendelea na shughuli zao kama kawaida. Hakueleza zaidi ya hapo. Jibu hilo lilifika kwenye mabomba ya maji kabla nguo hazijakauka, na tangu siku hiyo wanawake wa mtaa wakamwita Landilodi. Akipita na kitunguu chake kimoja mkononi walikuwa wakimuuliza kama kodi imepanda, naye akiwajibu kwamba atakayechelewa kulipa atang'olewa mlango, maana huko kwetu ndivyo wenye nyumba wanavyofanya. Ulikuwa mzaha mtamu. Angeweza kuumaliza siku ile ile kwa kueleza. Hakuumaliza, na hilo ndilo lililokuja kumuuma.

Wanza Mutie alikuwa mzaliwa wa Kitui. Alikuja Nairobi akiwa na mtoto mmoja mgongoni, huyo Mutuku, akapata kazi ya kufagia katika shirika lililokuwa na ofisi upande wa Kawangware. Shirika hilo lilitunza kumbukumbu za zahanati ishirini na tatu: mgonjwa yupi yuko zahanati ipi, anakunywa dawa gani, alizichukua lini mara ya mwisho. Kumbukumbu zote zilikaa ndani ya mashine, na mashine zilikaa katika chumba kimoja chenye baridi ambacho watu wengine wa ofisi hawakupenda kuingia. Wanza aliingia na ufagio.

Fundi wa chumba hicho aliitwa Okeyo, mtu wa Siaya, mrefu, asiyependa vumbi wala maneno mengi. Siku moja alimkuta Wanza amesimama mbele ya kioo cha kompyuta, kitambaa mkononi, anasoma badala ya kupangusa. Hakumfukuza. Alimuuliza ameelewa nini. Wanza akasema ameelewa kwamba mashine hiyo inalalamika imejaa. Okeyo akatazama, akakuta ni kweli imejaa.

Kuanzia hapo alimfundisha saa za chakula cha mchana, mwaka baada ya mwaka. Wanza akasoma masomo ya jioni akapata cheti chake, akapewa meza na kiti, na ufagio akakabidhiwa mwingine. Kanisani tulimshukuru Mungu kwa wimbo mzima, ingawa hakuna aliyejua hasa amekuwa nani.

Okeyo alimfundisha kwa maneno ya mtaani. Alimwambia kila akiona seva, ile mashine kubwa, aone ploti. Ndani ya ploti mna vyumba, na katika kila chumba mna mpangaji. Mpangaji ni kompyuta pia, lakini haina mwili wake. Imekodi mwili wa seva, na yenyewe inafikiri ina nyumba yake peke yake. Mmoja kazi yake ni kutunza rejista ya wagonjwa, mwingine ya maabara, mwingine ya stoo ya dawa. Sasa watengenezaji wa programu hawaachi kuleta masahihisho, kama viraka vya kuziba paa linalovuja. Kiraka hakitiwi wakati wapangaji wamo ndani. Unawahamisha mmoja mmoja kwenda ploti ya jirani, ukihakikisha ile yako imebaki tupu unatia kiraka, unazima, unawasha, unakagua, kisha unawarudisha. Na uzuri wa kazi ni kwamba mpangaji anahama na sufuria yake ikiwa jikoni, na uji haumwagiki. Karani wa zahanati anaendelea kuandika jina la mgonjwa, na mashine anayoiandikia imeshabadilisha ploti kati ya herufi moja na nyingine.

Ploti zilikuwa tano. Tatu za kwanza Okeyo alizipa majina ya kwao: Siaya, Bondo na Ugenya. Zilipokuja mbili mpya alimwambia Wanza hizi ni zako, zibatize. Wanza akaziita Kitui na Mwingi. Okeyo akaandika majina kwenye vibandiko vyeupe, akavibandika, akarudi nyuma hatua mbili kuvitazama.

"Sasa Kitui na Siaya wanalala rafu moja," akasema, "na hakuna aliyeita chifu."

Kabla ya kila kiraka Wanza alikuwa akiweka kiganja kwenye mlango wa kabati la mashine na kuomba kwa maneno machache. Okeyo hakuwa mtu wa kuomba, lakini hakubonyeza kitufe kabla ya kusikia amina.

Halafu kura zikapigwa, na kila mtu anajua yaliyofuata. Soko la Toi likawa majivu. Okeyo alikuwa amepanga nyumba Kawangware miaka kumi na mmoja; vijana wakampa saa moja. Alitoka na mke, watoto watatu na godoro moja, akaishia kwenye hema katika uwanja wa kituo cha polisi. Wanza yeye alikuwa Gatwekera, katikati ya watu wa kwao Okeyo. Mwanzoni watu wa Ukambani, kwao Wanza, hawakuguswa. Baadaye mkubwa mmoja wa huko Ukambani akaingia katika serikali ile ambayo Gatwekera ilisema imeiba kura, na asubuhi iliyofuata Wanza akaona salamu zimepungua. Yeye hakuwa amemtuma mtu huyo popote. Alimpeleka Mutuku kwa nyanya yake Kitui, yeye akabaki, kwa sababu chumba cha mashine kilikuwa kimebaki na mtu mmoja tu.

Jumatatu ya mwisho ya Januari barua ikaja kutoka kwa watengenezaji. Walikuwa wamegundua hitilafu ya saa ndani ya programu yao. Alhamisi tarehe thelathini na moja ikiisha, mpangaji yeyote atakayezimika hataweza kuwaka tena, ila kama ploti yake imetiwa kiraka kipya. Waliandika kwa adabu, wakaomba radhi kwa usumbufu.

Usumbufu! Wanza aliisoma barua akiwa amesimama. Umeme siku zile ulikuwa ukipotea ovyo, na dizeli ya jenereta haikupatikana kwa uhakika. Umeme ukipotea Ijumaa bila kiraka, rejista ya zahanati ishirini na tatu ingelala na isiamke. Na watu walikuwa wamekimbia bila viatu, sembuse kadi za zahanati. Wako kwenye mahema na makanisa, wanafika zahanati wasiyoijua, hawana karatasi, wana jina tu. Karani analiandika jina, rejista inajibu ni dawa gani na ni za siku ngapi. Zile si dawa za kurukwa wiki mbili ukaendelea.

Mkurugenzi alipiga simu kutoka nyumbani kwake, mahali ambapo hata moshi haukufika. Akamwambia Wanza afanye zote tano kabla ya Alhamisi jioni. Hakumuuliza atafikaje ofisini. Wanza alijibu sawa bwana, akakata simu, akasema maneno mengine ambayo Mungu aliyasikia.

Jumanne alimpata Okeyo. Kadi za simu zilikuwa zimeadimika, wote wawili walikuwa na dakika za kuhesabu, kwa hiyo Okeyo alisema haraka na Wanza akaandika haraka. Aliandika kwenye karatasi ya kwanza aliyoichomoa ndani ya Biblia yake. Ilikuwa orodha ya zamu za kina mama wa kanisa kutembelea wagonjwa, wanawake kumi na watatu, kila mmoja na namba ya mlango wake. Akaigeuza, akaandika upande mtupu: Kitui na Mwingi kwanza, ziwe tayari kupokea. Kisha Siaya, toa wapangaji wote, wapeleke Kitui, hakikisha hakuna aliyebaki, zima. Kisha Bondo, toa wote, wapeleke Mwingi, zima. Ugenya mwisho. Chini yake Okeyo alimtajia wapangaji kwa majina, nani yuko wapi, na nani hafai kuwekwa ploti moja na nani. Na onyo moja: mpangaji anayeitwa Msimamizi, yule anayeshika funguo za ploti zote, yuko Bondo. Ukizima Bondo kabla hujamtoa, umejifungia nje.

Jumatano Wanza alitembea mpaka ofisini, akazitia viraka Kitui na Mwingi, akarudi kwa miguu. Mabomba ya Gatwekera yalikuwa makavu, akapitia mtaa wa jirani, Mashimoni, kuchota maji kwa Celine, muuza maji. Alipofungua mkoba kutoa sarafu, karatasi ilitoka nazo. Hakuiona ikianguka. Nyumbani alimwaga mkoba kitandani mara tatu.

Alhamisi asubuhi mlango ukagongwa kwa kitu cha chuma.

"Landilodi, toka. Tumekuja kulipa kodi."

Alikuwa Osewe, seremala wa vitanda, aliyekuwa mkubwa wa wanaume waliolinda vichochoro vya upande ule. Nyuma yake walikuwa watu kama kumi na mmoja. Wanza aliwajua wote. Mama Caren alikuwepo, ambaye watoto wake walijifunza Amri Kumi kwa Wanza. Celine alikuwepo, hamwangalii. Rosebella alisimama nyuma kabisa, leso ameifunga mpaka kidevuni.

Osewe alikunjua karatasi, akaisoma kwa sauti ya mtu anayesoma hukumu. "'Siaya. Toa wapangaji wote. Wapeleke Kitui. Hakikisha hakuna aliyebaki. Zima.'" Akainua macho. "'Bondo. Toa wote. Zima.'" Kisha akaigeuza. "Na huku nyuma ni wake zetu, na namba za milango. Rosebella, mlango wa nne. Mama Caren, mlango wa kumi na mbili. Ulikuwa unampelekea nani hii?"

Hasira ilimpanda Wanza kutoka magotini. Watu hawa alikuwa amewaogeshea watoto, alikuwa amezika nao. Celine alijifungulia kwenye kitanda chake, mvua ikinyesha, na Wanza ndiye aliyeushika mguu wa kushoto. Na Celine huyo huyo ndiye aliyeokota karatasi, akaisoma, na badala ya kumwita mwenyewe kwa jina akaipeleka kwa wanaume.

Hasira hiyo ilimfanya ajibu vibaya. Badala ya kusema polepole, aliwaambia Siaya ni mashine, iko ofisini kwake, na kama wanajua kusoma wasome vizuri. Mtu mmoja akacheka kwa ubaya, akasema kumbe siku hizi Siaya ni mashine. Mwingine akauliza Kitui nayo ni mashine, au hiyo ndiyo gari la kubebea watu. Wanza akampigia Okeyo mbele yao. Simu ya Okeyo ilikuwa imezima. Huko kwenye mahema hapakuwa na pa kuchajia. Akawaambia Okeyo ni mtu wa Siaya, amefukuzwa Kawangware, yeye ndiye aliyetaja maneno hayo yote na yeye Wanza akaandika tu. Osewe akasema hilo ni jina rahisi kulitaja, maana mwenyewe hashiki simu.

Kisha akatoa patasi na nyundo, akaanza kufungua bawaba za mlango.

"Si wewe husema tukichelewa unang'oa mlango? Leo sisi tunakusaidia. Mchana ukifika tusikukute."

Wanza alimtazama akitoa bawaba ya kwanza, ya pili, ya tatu. Alifanya kwa ufundi, bila kupasua mbao. Hilo lilimkasirisha zaidi; angetamani aivunje.

Lakini hasira yake kubwa ilikuwa nyuma ya kundi, ndani ya leso. Katika Gatwekera nzima, mtu mmoja tu alijua wapangaji ni nini, naye ni Rosebella. Miezi michache baada ya lile swali la kwenye kamba, Rosebella alikuja kwake peke yake, akafunga mlango, huu huu unaong'olewa, akauliza kwa sauti ya chini kama majina yanayoandikwa zahanati yanaweza kusomwa na majirani. Wanza hakumuuliza kwa nini. Alimweleza yote: ploti, vyumba, rejista, majina ya seva, kwamba mpangaji anayeshika majina amefunga kwa ndani. Rosebella akalia kidogo, wakanywa chai. Hawakulizungumza tena.

Sasa Rosebella alikuwa amesimama pale, amenyamaza. Sentensi moja ingetosha: muulizeni Rosebella, anajua, jina lake limo kwenye rejista ya wagonjwa. Ilimfika Wanza kwenye ulimi mara mbili. Mara mbili aliimeza, na haikushuka vizuri. Alijua akiisema ataokoa chumba chake na kiraka na rejista yote, na kesho yake hakuna mtu angenunua samaki wa Rosebella. Kwa hiyo alinyamaza na hasira yake, huku jua likipanda, na Siaya, Bondo na Ugenya zikimngoja.

Vyombo vyake vilipoanza kutolewa nje, Rosebella akasema.

"Osewe, endelea kusoma."

"Nimeshasoma."

"Hujamaliza. Soma majina ya hao wapangaji, hapo chini."

Osewe hakutaka, lakini watu walikuwa wamegeuka. Akaisogeza karatasi karibu na macho. "Rejista," akasoma. "Maabara. Stoo ya Dawa. Barua. Msimamizi."

"Huyo Stoo ya Dawa ni mtoto wa nani pale Siaya?" Rosebella akauliza. "Babake unamjua?"

Mama Caren alikuwa wa kwanza kushindwa. Alicheka kwa pua, kisha kwa mdomo, akauliza kama Maabara ameoa. Mtu mwingine akasema Barua ni wa ukoo wao lakini amepotea miaka mingi. Wakacheka wote, wengine mpaka machozi, cheko la watu ambao hawakuwa wamecheka mwezi mzima. Osewe peke yake alibaki ameshika patasi.

"Na majina ya nyuma?"

"Zamu za kutembelea wagonjwa," Rosebella akasema. "Namba saba ni mke wako. Ameruka zamu mara mbili."

Celine akamgeukia, akamuuliza amejuaje hayo yote ya mashine. Rosebella alivuta leso. "Nimekaa naye ukuta mmoja miaka tisa. Nitakosaje kujua?"

Wanza hakucheka. Walimtazama wakingoja acheke, ili iwe imekwisha. Mtu akasema ni mambo ya wakati tu, Mama Mutuku, usiweke moyoni. Hilo ndilo lililomkasirisha kuliko patasi. Alinyoosha mkono, Osewe akaiweka karatasi juu yake, ina unyevu wa kidole gumba. Akamwambia Osewe aurudishe mlango na bawaba zake zote tatu, na aupake mafuta maana ulikuwa ukilia hata kabla hajaugusa. Akachukua mkoba, akaondoka na vyombo vikiwa bado nje.

Rosebella alimfuata mpaka karibu na majivu ya Toi. Alitembea nyuma hatua tatu. Mwishowe akasema, "Ningesema mapema wangeuliza nimejuaje."

"Najua," Wanza akajibu. "Na bado nimekasirika."

"Utakasirika mpaka lini?"

"Sijapanga."

Wakaachana hapo.

Alifika ofisini saa sita kasoro. Aliweka kiganja kwenye mlango wa kabati kama kawaida yake, akafungua mdomo, na maombi hayakuja. Yalikuja majina ya watu wa kule, mmoja mmoja, na siyo kwa baraka. Akasema tu, Bwana unaona, akaanza. Aliwatoa wapangaji wa Siaya: Barua kwanza, kwa sababu hata akianguka hakuna atakayekufa, kisha Maabara, kisha Stoo ya Dawa. Akili yake ilikuwa bado kwenye zile bawaba, na katika kuzifikiria akamwelekeza Rejista kwenye ploti ile ile alimokaa pacha wake, yule wa akiba anayeshika kazi mwenzake akianguka. Okeyo alikuwa amesema hao wawili wasilale nyumba moja, maana nyumba ikiungua wanaungua wote. Wanza aliliona kosa, akatoa mikono kwenye kibodi, akaikalia. Alikaa hivyo dakika nzima, mwanamke wa miaka arobaini na mmoja amekalia mikono yake kwenye chumba cha baridi, analia kwa hasira. Halafu akamhamisha Rejista mahali pake, kwa utaratibu.

Siaya ikabaki tupu. Akahesabu tena, hakuna aliyebaki. Akatia kiraka, akazima, akawasha. Ilipoamka aliwarudisha wote, kila mmoja kwenye chumba chake. Bondo ikafuata, Msimamizi ametolewa wa kwanza. Ugenya ikawa mwisho. Saa kumi na moja kasoro robo aliandika katika daftari la chumba: ploti tano, wapangaji thelathini na nne, waliopotea hakuna. Muda wote huo hakuna karani hata mmoja aliyeona kitu.

Ijumaa saa tatu asubuhi umeme ulipotea. Jenereta ikakohoa, ikakataa. Mashine zote zikazimika. Wanza alikaa gizani saa mbili, karatasi magotini, asome upande wa wapangaji, ageuze asome upande wa wanawake. Umeme uliporudi aliwawasha mmoja mmoja, na mmoja mmoja wakaamka. Kabla ya adhuhuri zahanati moja ya Kawangware ikapiga simu: kuna mtu ametoka kwenye mahema, hana kadi, ana jina tu, je, rejista ipo? Wanza akawaambia ipo, andikeni jina.

Aliporudi nyumbani alikuta vyombo viko ndani na mlango umerudishwa. Bawaba tatu, mafuta, na kitasa kipya ambacho hakukiomba. Akaufunga, akalala. Kanisani hakuacha kwenda, na zamu yake ya wagonjwa hakuruka, hata ilipomwangukia kumtembelea mama yake Celine. Lakini jina la Landilodi halikuitwa tena pale, na aliyejaribu kuliita mara moja hakurudia.

Okeyo aliondoka na msafara wa mabasi mwezi wa Februari, akaenda kwao. Alipiga simu kusema amefika, godoro limefika, na kwamba hajui. Hakusema hajui nini.

Machi, wakubwa walipokwisha kupeana mikono, mkurugenzi alirudi ofisini akiwa amenona kidogo. Wanza alimpa taarifa ya kiraka kwa maandishi, pamoja na kisa cha karatasi, kwa sababu aliona ni haki kijulikane. Mkurugenzi alisoma, akatikisa kichwa kwa masikitiko, akatoa amri siku hiyo hiyo. Majina yale ya seva ni hatari, yanaleta ukabila kazini. Kuanzia wiki ijayo ziitwe Moja, Mbili, Tatu, Nne na Tano. Vibandiko vibanduliwe. Akamtumia Wanza fomu ya mabadiliko ajaze na kutia sahihi.

Wanza aliichukua fomu mpaka chumba cha mashine. Ile hasira aliyofikiri imepoa ilikuwa pale pale, imekaa inamngoja. Ploti zile tano zilikuwa zimebeba wapangaji wa kila mtu mwezi mzima wa Januari, Kitui ikampokea wa Siaya, Mwingi ikampokea wa Bondo, na hakuna hata mmoja aliyemwaga uji. Aliyekosea alikuwa na miguu na mdomo, na huyo hakuna aliyembandua jina. Alitazama kibandiko cha kwanza, mwandiko wa Okeyo, herufi zinazoinama kulia kama mtu aliyeharakishwa. Pembe moja ilikuwa imeanza kuachia. Aliibonyeza kwa kidole mpaka ikashika.

Kisha akaketi, akajaza jina lake, tarehe na cheo. Mahali palipoandikwa mabadiliko yanayoombwa, akaandika kwa kalamu ya wino:

"Naomba Siaya iendelee kuitwa Siaya. Mwenyewe akirudi ataitafuta."